Nani Aliyelivuta Jiwe?

Kila asomaye habari za Misri ya kale hufika mahali pamoja akasimama, nako ni mbele ya piramidi kubwa ya Giza, kaburi la mfalme Khufu, iliyojengwa yapata miaka 2,560 kabla ya kuzaliwa kwake Bwana wetu. Mawe yake yakadiriwa kuwa 2,300,000, na jiwe moja kwa wastani lina uzito wa tani mbili na nusu. Ilipokwisha kujengwa ncha yake ilifika juu kadiri ya meta 146. Na watu walioijenga hawakuwa na vyombo vya chuma vya kuchongea, wala roda za kuinulia, wala mashine ya namna yo yote. Walikuwa na tindo za shaba nyekundu, mawe magumu ya kupondea, kamba, miti, maji, na mikono yao.

Msomaji akiisha kusikia hayo huuliza, Je, waliwezaje? Swali hilo ni jema, nasi tutajaribu kulijibu. Lakini nyuma yake liko swali la pili, ambalo si la ufundi bali ni la haki, na kwa ajili ya hilo hasa tumeshika kalamu. Maana wako wengi ambao, wakiisha kuona ugumu wa kazi ile, hawaulizi waliwezaje, husema, Hawakuweza. Wengine husema ni kazi ya majitu yaliyokuwako zamani. Huku pwani wazee walizoea kusema ya kuwa majengo makubwa ya kale ni kazi ya majini waliomtumikia Sulemani. Wala tusidhani ya kuwa habari hizi ni za wasiosoma tu. Mwaka 1968 mtu wa Uswisi, jina lake Erich von Däniken, alitoa kitabu kilichosomwa na watu wengi sana Ulaya na Marekani, akatia shaka kwamba Wamisri kwa nguvu zao wenyewe wangaliweza kazi kama ile, akadhani walisaidiwa na wageni walioshuka kutoka nyota nyingine. Basi jini wa pwani na mgeni wa nyota ni ndugu wawili, ila mmoja amevaa kanzu na mmoja amevaa kofia ya kioo.

Sisi twaona ya kuwa maneno hayo, ijapokuwa yasikika kama sifa, ni dhuluma. Mtu akilima shamba lake kwa jembe tangu mapambazuko hata jua kali, siku baada ya siku, kisha jirani akapita akasema, Shamba zuri namna hii halikulimwa na mtu, limelimwa na pepo. Je, jirani huyo amelisifu shamba au amemnyang'anya mwenye jembe? Amemnyang'anya. Wala hakumnyang'anya mazao, amemnyang'anya jasho lake, nalo ni jambo asiloweza kurudishiwa kwa kipimo cha pishi. Na aliyekufa hawezi hata kwenda barazani kushitaki.

Kwa hiyo imetupasa kwanza kutazama kazi yenyewe ilivyofanyika.

Huko Deir el-Bersha, Misri, liko kaburi la liwali mmoja aliyeitwa Djehutihotep, aliyeishi yapata miaka 1,900 kabla ya Kristo. Katika ukuta wa kaburi lile ilichorwa picha ya sanamu yake kubwa ya mawe ikivutwa njiani. Wenye elimu wamekadiria uzito wa sanamu ile kuwa kama tani 58. Imewekwa juu ya kitu mfano wa gari lisilo na magurudumu, yaani miti miwili mikubwa iliyopinda juu kwa mbele na kuunganishwa kwa vipande vya mti. Wazungu wa nchi za baridi hutumia cha namna hiyo juu ya theluji, nacho huitwa sleji. Kamba nne ndefu zimefungwa mbele, na watu 172 wanazivuta kwa safu. Juu ya magoti ya sanamu amesimama mtu mmoja anayepiga makofi ili wavutaji wapate kuvuta kwa pamoja. Na mbele kabisa ya sleji, pale miguuni pa sanamu, amesimama mtu mwingine ameshika mtungi, naye anamwaga maji njiani.

Huyu wa mtungi ndiye tunayempenda kuliko wote. Kwa muda mrefu wenye elimu walidhani kwamba anafanya ibada ya kienyeji, anatambika tu. Hata mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, pamoja na Daniel Bonn, wakafanya jaribio dogo: walivuta sleji juu ya mchanga mkavu, kisha juu ya mchanga uliotiwa maji kidogo. Katika mchanga mkavu, mchanga hujilimbikiza mbele ya sleji ukawa kama kizingiti. Ukitiwa maji kwa kiasi chake, chembe zake hushikana, njia huwa ngumu na laini, na nguvu ya kuvuta hupungua hata kufika karibu nusu. Lakini maji yakizidi, faida hupotea tena. Basi mtu yule hakuwa akitambika. Alikuwa akifanya kazi ya watu mia.

Na kama watu 172 wakigawana tani 58, fungu la kila mtu ni karibu kilo 340. Hakuna mtu awezaye kuinua kilo 340. Walakini hakuna aliyetakiwa kuinua. Alitakiwa kuburura, juu ya njia iliyotengenezwa, pamoja na wenzake, kwa kufuata makofi ya mmoja. Sisi tulio karibu na maji tumewaona wavuvi wakipandisha jahazi ufukoni juu ya magogo. Kila mtu peke yake ni kama nzi mbele ya chombo kile. Lakini mmoja huanza wimbo, wengine huitikia, na penye kiitikio migongo yote huvuta mara moja, nacho chombo hutii. Anayevuta kabla ya kiitikio hujichosha bure, na anayevuta baada yake huvuta hewa. Nao watu wa bara wajua jinsi ya kung'oa jiwe shambani kwa wenzo: mti mrefu, kijiwe cha kuegemeza karibu na mzigo, na mtoto wa miaka kumi akilalia ncha ya mbali huweza kuliinua jiwe lililomshinda baba yake. Hayo yote Wamisri waliyajua. Hawakuwa na siri ambayo sisi hatuna. Walikuwa na uvumilivu wa kuyaunganisha mambo madogo mengi.

Yuko atakayesema, Haya, tumekubali juu ya njia tambarare, lakini kupanda je? Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya machimbo ya mawe ya Hatnub, ambako wachimbuzi wa Ufaransa na Uingereza walikuta njia ya kupandishia mawe ya zamani za Khufu huyo huyo. Njia ile ni ya mteremko mkali sana. Huku na huku ina ngazi, na kando ya ngazi mna mashimo yaliyochimiwa nguzo nene. Yaonekana kamba zilizungushwa katika nguzo, hata watu walioshuka ngazi waliweza kuvuta mzigo uliokuwa ukipanda, nao uzito wa miili yao ukawasaidia. Jinsi hasa walivyozipanga njia zao za kupandia kwenye piramidi yenyewe, wenye elimu wangali wakibishana hata leo. Lakini ubishi wao ni juu ya ipi katika njia ambazo watu waweza kuzitumia.

Tena walikuwa na mto. Mawe mekundu ya matale yaliyojengea chumba cha mfalme, ambayo mengine yakadiriwa kupita tani 50, yalitoka Aswan, mbali zaidi ya kilometa 800. Mto Naili waenda kaskazini, na upepo wa nchi ile mara nyingi wavuma kwenda kusini. Chombo chenye mzigo huchukuliwa na maji, na chombo kitupu hurudishwa na upepo. Ambaye haoni fadhili za Muumba katika jambo hilo, sisi hatuna la kumwambia.

Kuhusu hesabu, twaomba msomaji asichoke. Herodotus Myunani, aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 baada ya Khufu, alipewa habari kwamba kazi ya piramidi ilikuwa ya miaka 20. Tukiishika miaka hiyo, mawe 2,300,000 yatakuwa kama 315 kwa siku, yaani, kwa kazi ya saa 10, jiwe moja kila dakika mbili. Mtu akisikia hivyo hushtuka. Lakini hakuna aliyesema kwamba jiwe moja lilianza safari baada ya lingine kufika. Vikosi vingi vilifanya kazi wakati mmoja: hapa wanachonga, pale wanapakia, kule wanavuta. Siku ya soko wanawake mia hupita njiani na vikapu, wala hatusemi ni ajabu kwamba sokoni pameletwa vikapu mia.

Lakini ushahidi ulio mkubwa kuliko hayo yote, kwa maoni yetu, si jambo walilolitimiza, bali ni jambo lililowashinda. Katika machimbo ya Aswan limelala mpaka leo jiwe moja lililokusudiwa kuwa nguzo ya ukumbusho, lenye urefu wa meta 42 hivi, na uzito wake wakadiriwa kuwa kama tani 1,000 na zaidi. Watu walilipondaponda pande zote kwa mawe meusi magumu yaliyo mviringo, kwa siku nyingi, na alama za kuponda kwao zaonekana dhahiri. Kisha jiwe likatoka ufa. Wakaliacha. Je, jini huacha kazi kwa sababu ya ufa? Mgeni aliyevuka katikati ya nyota na nyota, ndiye atakayeshindwa na jiwe la Aswan? Huyu aliyeshindwa ni mwenzetu. Twaweza kabisa kukisia jinsi kazi ilivyosimama siku ile, na jinsi mmoja alivyopitisha kidole katika ufa asiseme neno.

Sasa turudi kwenye swali la haki, maana halikuhusu Misri peke yake. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika penye kuta kubwa za mawe huko kusini mwa Afrika, ambazo leo huitwa Zimbabwe Kuu, zilizopangwa bila chokaa, mahali pengine kwa kwenda juu hata meta 11. Akadhani ni nyumba ya malkia wa Sheba. Wengine wakasema ni Wafoinike. Mtu ye yote alifaa kuwa mjenzi, ila wenyeji wa nchi. Mwaka 1905 David Randall-MacIver akachimba akasema kwamba ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson akachimba tena kwa uangalifu akasema vile vile. Hata hivyo serikali ya walowezi wa nchi ile haikupenda jambo hilo lisemwe wazi, mpaka utawala wao ulipokoma, na nchi mwaka 1980 ikajiita kwa jina la nyumba zile za mawe. Hapo waona kwamba kumnyima marehemu kazi yake hakukuwa mchezo wa wasomaji wa vitabu vya ajabu. Aliyeambiwa kwamba babu zake hawakuweza kupanga mawe aliambiwa pia, kwa sauti ya chini, ya kuwa yeye mwenyewe hawezi kushika nchi.

Walakini lazima tumsikilize na mtu wa upande mwingine, naye ana neno zito. Atasema: Ninyi mwawasifu wavutaji, lakini walivuta kwa ajili ya nani? Mawe 2,300,000 kwa ajili ya maiti mmoja! Hiyo ni kazi ya kusifiwa, au ya kuliliwa? Heri mseme ni majini, kuliko kusifu utumwa.

Hapa inafaa kwanza kuondoa kosa moja lililoenea sana kati yetu Wakristo. Wengi hudhani ya kuwa piramidi zilijengwa na Wana wa Israeli katika utumwa wao. Kitabu cha Kutoka hakisemi hivyo. Chasema walifanya matofali ya udongo na majani makavu, wakajenga miji ya akiba, Pithomu na Ramesesi. Piramidi ya Khufu ilikuwa imekwisha simama miaka mamia kabla ya hapo. Na kwa hesabu zilizozoeleka, hata Ibrahimu aliposhukia Misri wakati wa njaa, aliikuta imekuwa ya kale.

Nani basi walioijenga? Mwaka 1990, karibu na piramidi zile, farasi wa mtalii alijikwaa katika ukuta wa matofali uliofukiwa na mchanga, na wachimbuzi wakiongozwa na Zahi Hawass wakakuta makaburi ya wajenzi wenyewe. Karibu na hapo Mark Lehner na wenzake wamefukua mji wao: nyumba za kulala, mahali pa kuoka mikate, na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa kwa ajili ya wafanya kazi. Mifupa ya watu ilionyesha migongo iliyoharibiwa na mizigo. Lakini ilionyesha pia mikono na miguu iliyovunjika ikaungwa vizuri, hata mfupa ukashika tena. Ndani ya majengo yao vikosi viliandika majina waliyojipa: kimoja kilijiita Marafiki wa Khufu, kingine, cha zamani za mfalme Menkaure, kilijiita Walevi wa Menkaure. (Jina hili la pili hatulipendekezi kwa vikundi vya vijana wetu.)

Watu waliolishwa nyama, wakaungwa mifupa, wakazikwa kwa heshima karibu na mfalme, hawakuhesabiwa kama wanyama. Hilo ni kweli, nasi twafurahi kulisema. Lakini si kweli yote. Mtu aliyeitwa na Farao hakuwa na ruhusa ya kusema, Mwaka huu nina mke mgonjwa. Chakula kizuri hakigeuzi wito kuwa hiari. Hata Sulemani, aliyejengea Mungu wa kweli, aliwapeleka watu 30,000 Lebanoni kwa zamu, tena alikuwa na wachukuzi 70,000 na wachonga mawe 80,000 milimani. Nasi twasoma nyumba ya Bwana kwa furaha, jinsi mawe yalivyochongwa huko huko machimboni hata nyundo isisikike mahali patakatifu. Ni wachache wanaoendelea mpaka sura ya kumi na mbili, ambamo watu wanamwendea Rehoboamu na kumwambia kwamba nira ya baba yake ilikuwa nzito, naye akawajibu kwa ukali, na yule aliyekuwa msimamizi wa kazi za shokoa akapigwa mawe hata akafa. Mawe tena! Ukimya wa ile nyundo ulikuwa na gharama yake.

Kwa hiyo hatumsifu mfalme. Lakini twakataa vile vile kusema kwamba wavutaji walikuwa migongo mitupu chini ya kiboko. Kiboko chaweza kumfanya mtu avute. Hakiwezi kumwonyesha mahali pa kumwaga maji, wala kiasi cha kumwaga, wala umbali wa kuweka nguzo na nguzo katika mteremko. Mambo hayo hutoka kwa mtu anayeifikiri kazi yake hata kama hakuichagua. Aliyenyang'anywa hiari bado alikuwa na akili, na akili ile aliitia katika jiwe. Nasi tukija baadaye tukasema ni jini, au tukasema ni kiboko tu, tumemwondolea hata kile ambacho Farao hakuweza kumwondolea. Farao alichukua miaka yake. Tusichukue sisi ujuzi wake.

Na mmoja wao twamjua kwa jina. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, Pierre Tallet na wenzake walikuta vipande vya karatasi za mafunjo vilivyo vya kale kuliko vyote vyenye maandiko vilivyopata kuonekana. Ni daftari ya kazi ya Merer, msimamizi wa watu wapatao 40, katika miaka ya mwisho ya Khufu. Ameandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe Tura, leo tumesafiri, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Mara mbili au tatu katika kila siku kumi walikwenda na kurudi wakichukua mawe meupe ya chokaa ya kufunikia piramidi. Amemtaja mkubwa wake, Ankhhaf, ndugu yake mfalme. Hakuandika neno lo lote la kujisifu, wala la kulalamika, wala la kustaajabu. Alikuwa karani mwema, alihesabu safari.

Daftari ile ilikutwa mbele ya mapango ambamo watu wale waliweka vyombo vyao vya baharini. Walipoondoka waliifunga milango ya mapango kwa mawe makubwa waliyoyaburura mpaka pale, na karatasi za Merer zikabaki katikati ya mawe hayo, zaidi ya miaka 4,500, mpaka wachimbuzi walipoanza kuyasogeza.